Kutoka Shinkolobwe hadi Mlango wa Kompyuta

Tarehe 18 Septemba 1942, kanali wa jeshi la Marekani aitwaye Kenneth Nichols aliingia katika ofisi moja jijini New York kumwona Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière du Haut-Katanga. Sengier hakumchangamkia. Aliomba kwanza kuona vitambulisho vyake, akavikagua bila haraka, kisha akataka kujua kama mgeni huyu ana mamlaka ya kununua au ni mmoja wa wale wanaokuja kuzungumza na kwenda zao. Alikuwa na sababu ya kuwa mgumu. Tangu mwishoni mwa 1940 alikuwa na takriban tani 1,200 za madini ya urani katika mapipa ya chuma, zimelala ghalani Staten Island, na maofisa aliowadokezea habari hizo hawakuonyesha kujali. Nichols alipomridhisha, makubaliano yaliandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya manjano, sentensi chache tu, kila upande ukabaki na nakala yake. Haikuchukua hata saa nzima, na madini ya Shinkolobwe yakawa mali ya jeshi la Marekani.

Shinkolobwe iko kilomita zipatazo 20 magharibi mwa Likasi. Sisi wa huku tumesimuliwa mara nyingi safari ya madini hayo hadi Hiroshima, na ni haki isimuliwe. Mimi nataka kuifuata njia hiyohiyo kwa ajili ya jambo ambalo halisimuliwi, yaani yale maswali mawili ya Sengier. Wewe ni nani? Na je, una ruhusa ya kufanya ulichokuja kufanya? Kila kompyuta huyauliza mtu anapotaka kuingia. Kwa kawaida programu haiyaulizi yenyewe, bali huyakabidhi kwa maktaba ya programu iliyoandikwa na wengine, na mahali pa kukabidhiana ndipo palipovuja mara kwa mara.

Tuanzie nyumbani. Mji wetu wa Likasi uliitwa Jadotville hadi 1966, kwa jina la Jean Jadot, na maisha yake yalizunguka viwanda vya Panda na Shituru. Mfanyakazi wa Union Minière alikuwa na namba yake na kijitabu chake cha utambulisho. Lakini kijitabu hakikumtosha Mkongo aliyetaka kutembea. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 ilimtaka mtu anayeondoka katika eneo lake la kimila kwa zaidi ya siku 30 awe pia na pasi ya kuhama. Ulikuwa mfumo wa kuwabana watu, na sina sifa ya kuupa. Ila makarani wake walielewa jambo moja ambalo wahandisi wa baadaye walilisahau mara kwa mara: kumtambua mtu ni kazi moja, kumruhusu ni kazi nyingine, na karatasi ya kwanza haiwezi kujibu swali la karatasi ya pili. Leo hii nchini mwetu kadi ya mpiga kura, iliyotolewa kwa ajili ya uchaguzi, imekuwa ikitumika kama kitambulisho cha kila shughuli kwa sababu kadi ya uraia haipo mikononi mwa watu. Kadi inayosema unaruhusiwa kupiga kura imegeuzwa jibu la swali la wewe ni nani. Tunaishi nayo kwa kuwa hatuna nyingine.

Madini yenyewe yaliondoka kwa reli. Shehena ya 1940 ilipitia Lobito, Angola. Baada ya mkataba wa manjano, mzigo ulipelekwa kwa treni hadi Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, ukashuka kwa majahazi hadi Léopoldville, kisha treni tena hadi bandari ya Matadi. Kazi ya kutenga urani inayofaa kwa bomu ilifanyika Oak Ridge, Tennessee, na bomu lenyewe liliundwa Los Alamos, kwenye milima ya New Mexico. Huko ndiko tunakokutana na mtu wa pili wa safari hii, mwanafizikia kijana Richard Feynman, ambaye kwa kuchoshwa na kukaa porini alijifunza kufungua kabati za siri za wenzake.

Kufuli za kabati hizo zilikuwa na namba tatu, kila moja kutoka 0 hadi 99. Kwa hesabu ya kawaida hiyo ni michanganyiko milioni moja. Feynman aligundua kwamba kufuli ililegea kidogo: ukikosea kwa namba mbili juu au chini, inakubali. Kwa hiyo ilitosha kujaribu namba 20 tu katika kila nafasi, na milioni ikashuka hadi 8,000. Kisha akagundua jambo baya zaidi. Droo ikiwa imeachwa wazi, mtu aliyeegemea kabati huku akipiga soga angeweza kuchezea kitufe na kuzisoma namba mbili za mwisho bila mwenyewe kushtuka. Ikabaki moja ya kubahatisha. Baada ya vita, alipohitaji nyaraka za mwenzake Frederic de Hoffmann, alijaribu 27-18-28, tarakimu za mwanzo za ile namba maarufu ya hesabu, na kabati ikafunguka. Zilizobaki zilifunguka kwa namba hizohizo. Kuhusu sefu nyingine, alikuja kujua kwamba takriban moja kati ya tano ilikuwa bado na namba za kiwandani, haikubadilishwa tangu ilipofika.

Kisa ninachokipenda zaidi kilitokea Oak Ridge. Feynman alimwonyesha kanali mmoja wa huko jinsi sefu yake kubwa inavyosomeka ikiachwa wazi, akamshauri watu wafunge droo wanapofanya kazi. Aliporudi tena baadaye alikuta watumishi wanamkwepa. Kanali alikuwa amesambaza waraka: yeyote ambaye Feynman amekaribia ofisi yake abadilishe namba za kufuli. Kasoro ya kufuli ilibaki palepale, adui akawa Feynman.

Watu wa Likasi wanaijua aina hiyo ya waraka. Mnamo Januari 2004 amri ya rais ilipiga marufuku uchimbaji Shinkolobwe, ambako wakati huo maelfu ya wachimbaji wadogo walikuwa wakitafuta kobalti katika mgodi uliofungwa tangu mkesha wa uhuru. Julai mwaka huohuo shimo liliporomoka na kuua watu wanane. Amri ilikuwepo miezi yote hiyo, na njia ya kuingia pia.

Twende 1961, mwaka ambao jina la mji wetu lilizunguka dunia. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba, kikosi cha Waireland wapatao 155 wa Umoja wa Mataifa, chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilizingirwa Jadotville na askari wa Katanga pamoja na mamluki. Shambulio lilianza asubuhi, wengi wa Waireland wakiwa kwenye Misa. Waliotumwa kuwaokoa walikwama kwenye daraja la Lufira, lile ambalo msafiri wa Lubumbashi analivuka hadi leo bila kugeuza kichwa. Hakuna Muireland aliyekufa katika mapigano hayo, lakini maji na risasi viliisha, wakajisalimisha. Redio yao ilisikika kwa yeyote mwenye chombo, kwa hiyo baadhi ya ujumbe waliutuma kwa Kiairishi. Hiyo ni siri inayotegemea kwamba msikilizaji hajui lugha yako. Ilifaa kwa siku chache kwa sababu mamluki wa Katanga hawakuwa na mtu wa Dublin. Mhandisi anayejenga mlango wa kompyuta hawezi kutegemea bahati hiyo kwa miaka.

Miezi miwili baadaye, Novemba 1961, huko MIT karibu na Boston, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowaruhusu watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na faili zake, kila mtu alipewa neno la siri. Nenosiri la kompyuta kama tunavyolijua linaanzia hapo, na aibu yake haikukawia. Mwaka 1962 mwanafunzi wa uzamivu, Allan Scherr, hakutosheka na saa alizogawiwa. Akawasilisha ombi la kawaida la kuchapishiwa faili, akataja faili la maneno ya siri ya wote, na mashine ikamchapishia. Mnamo 1966 mambo yakawa mabaya zaidi, safari hii bila mdukuzi yeyote. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa pamoja, mmoja salamu za siku zinazosomwa na kila anayeingia, mwingine faili la maneno ya siri. Programu ya kuhariri iliandika nakala yake ya muda kwa jina lilelile daima, kwa dhana kwamba mhariri atakuwa mmoja. Nakala mbili zikapishana. Kila aliyeingia alasiri hiyo alikaribishwa kwa orodha ya maneno ya siri ya wenzake.

Tangu hapo wahandisi waliimarisha kufuli vizuri sana. Roger Needham wa Cambridge alikuja na wazo la kutohifadhi nenosiri lenyewe bali matokeo yake baada ya kusagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma. Mfumo wa Unix ukalichukua. Mbinu ya kwanza ya kusaga ya Unix iliiga M-209, mashine ya kuficha maandishi ya jeshi la Marekani wakati wa vita vilevile vya mapipa ya Sengier, na ikaonekana ina kasi mno, maana kasi inamsaidia anayebahatisha. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza suluhisho lao: hesabu ya polepole zaidi, na chumvi ya biti 12 inayofanya neno moja liweze kusagika kwa namna 4,096. Walikusanya pia maneno ya siri 3,289 ya watumiaji na kukuta kwamba asilimia 86 ni mafupi mno au yanapatikana kwenye kamusi na orodha za majina. De Hoffmann hakuwa peke yake.

Kufuli ikawa imara. Mlango je?

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kila programu ya Unix iliyotaka kumtambua mtu ilifanya kazi hiyo yenyewe: ya kuingia, ya kubadili mtumiaji, ya kuhamisha faili, ya skrini ya picha. Ukitaka kuongeza kadi au alama ya kidole unazifumua zote. Oktoba 1995 Vipin Samar na Roland Schemers wa kampuni ya Sun walipendekeza PAM, maktaba moja inayosimama katikati, na moduli zinazochomekwa chini yake kwa matakwa ya msimamizi. Mwaka uliofuata ilikuwa imeingia Linux. Leo iko katika karibu kila seva ya Linux, zikiwemo zinazohifadhi alama za wanafunzi na mishahara katika miji kama huu wetu. Ni wazo zuri, na lilihitajika. Lakini tazama namna linavyotumika.

Mtengeneza programu anaita pam_start. Kisha pam_authenticate: wewe ni nani? Kisha anapaswa kuita pam_acct_mgmt: je, akaunti yako bado hai, unaruhusiwa saa hizi, nenosiri lako halijapitwa na wakati? Ni kijitabu na pasi ya kuhama, hatua mbili. Akiisahau ya pili programu inafanya kazi vizuri kabisa. Inakubali neno sahihi, inakataa neno la uongo, majaribio yote yanapita. Kinachotokea ni kwamba mfanyakazi aliyeachishwa mwezi uliopita na akaunti yake kufungwa anaendelea kuingia. Kosa lisilopiga kelele ni kosa litakalodumu.

Jibu la kukubali katika PAM ni sifuri. Sehemu ya kumbukumbu iliyofutwa na kuachwa tupu huwa ni sifuri pia, hivyo jibu ambalo hakuna aliyelijaza linaweza kusomeka kama ndiyo. Halafu jina. Moduli inaweza kulibadilisha jina la mtumiaji katikati ya mazungumzo, kwa hiyo programu inapaswa kuuliza tena mwishoni ni nani hasa aliyekubaliwa. Asiyeuliza atamhakiki mtu mmoja na kumfungulia mwingine. Yote haya yameandikwa kwenye miongozo kama maonyo, na maonyo hayo ni waraka wa kanali wa Oak Ridge.

Kuna moja ambalo ningependa kulionyesha kwa karibu. PAM haizungumzi na mtumiaji moja kwa moja. Huipa programu orodha ya ujumbe wa kuonyesha na kusubiri majibu. Orodha hiyo inapitishwa katika lugha ya C kwa kielekezi cha kielekezi, na maelezo ya asili hayakusema wazi maana yake. Solaris ya Sun iliichukulia kuwa kielekezi cha safu ya ujumbe, Linux ikaichukulia kuwa safu ya vielekezi. Ujumbe ukiwa mmoja, tafsiri zote mbili zinakutana mahali pamoja na hakuna anayegundua. Ukiwa zaidi ya mmoja, programu iliyoandikwa kwa tafsiri isiyo ya mfumo wake inaanza kusoma kumbukumbu isiyohusika. Septemba 2003, OpenSSH, programu inayolinda seva za dunia nzima na iliyoandikwa na watu makini kuliko wengi, ilitoa toleo lenye kosa hilohilo la safu. Toleo hilohilo lilikuwa na jingine: katika njia moja ya kuingia kupitia PAM, matokeo ya uhakiki hayakukaguliwa kabisa. Swali liliulizwa, jibu likaja, hakuna aliyelisoma.

Watengenezaji wa mfumo wa OpenBSD walichagua njia nyingine, waliyoipata kwa kampuni ya BSDI. Uhakiki hufanywa na programu ndogo ya pembeni katika mchakato wake yenyewe. Ikianguka haiangukii ndani ya aliyeiita, na aliyeiita hahitaji mamlaka yote ya mfumo ili kuuliza swali moja. Naona ndiyo njia iliyo sahihi, lakini nayo ilivuja mahali pa kukabidhiana. Desemba 2019 watafiti wa Qualys walionyesha kwamba mtu akiandika -schallenge pale anapoulizwa jina, programu ya pembeni haioni jina bali amri, kwa sababu ya kile kistari cha mwanzo. Amri hiyo huifanya ijibu ndiyo bila kuuliza nenosiri. Kwa baadhi ya huduma za mtandao hilo lilitosha kupita.

Na kasoro ya maktaba ya libssh, Oktoba 2018, ingekuwa kichekesho kama isingekuwa kweli. Katika mazungumzo ya kuingia, seva humwambia mgeni mwishoni kwamba amekubaliwa. Ilibainika kwamba mgeni angeweza kuituma sentensi hiyo mwenyewe, na seva ikaipokea. Ni sawa na mtu afike kwenye lango la Shituru, amwambie zamu, "Mimi nimeshakaguliwa," zamu ajibu, "Haya, pita, baba."

Katika visa vyote hivi hakuna hesabu iliyovunjwa. Nenosiri halikubahatishwa, chumvi haikushindwa. Kilichoshindwa ni umbo la maktaba: inamkabidhi mtu mchovu vipande kadhaa na kumwomba avipange sawasawa kila mara. Kwa hiyo mtu wa Likasi au Lubumbashi anayeketi leo kuandika maktaba ya kuingilia mfumo wa chuo au wa zahanati, ningemwambia aanzie na umbo hilo kabla hajagusa hesabu za kuficha. Swali liwe moja kwa anayeita: mtu huyu aingie au asiingie, kwa huduma hii, sasa hivi? Utambulisho na ruhusa vijibiwe ndani, kwa mpangilio ambao anayeita hawezi kuukatisha. Jibu la kukubali lisiwe namba, liwe hati ambayo maktaba peke yake inaweza kuitengeneza, yenye jina lililokubaliwa hasa wala si lile lililoandikwa mwanzoni. Kikao kisiweze kufunguliwa bila hati hiyo mkononi, ili programu iliyosahau kuuliza ikatae hata kujengwa. Hapo aliyesahau atalijua kosa lake akiwa mezani, si mwaka mmoja baadaye.

Hilo lina gharama, na wasiolipenda wana hoja. Swali moja linalosubiri jibu moja huigandisha programu ya skrini ya picha wakati mtu anatafuta simu yake asome namba aliyotumiwa. Alama ya kidole huhitaji kurudiwa, kadi huhitaji kuchomekwa. Lazima mazungumzo yagawanyike hatua kwa hatua. Ila hatua hizo zinaweza kushikwa na maktaba: kila mara inatoa kitu kimoja cha kuonyesha au kuuliza, inapokea jibu, na haiwezi kutoa hati hadi imalize yote. Sababu ya kukataa iende kwenye kumbukumbu za msimamizi tu. Mgeni asijue kama ni jina halipo, ni neno limekosewa au ni akaunti imefungwa, na muda wa kumjibu usimwambie pia. Mchakato wa pembeni upokee jina kama data yenye urefu uliotajwa, kamwe si kama neno kwenye mstari wa amri.

PAM haitaondoka hivi karibuni, na sioni sababu ya kuisubiri iondoke. Inatosha kuifungia ndani ya kasha dogo la namna hiyo, likaandikwa mara moja na kutumiwa na programu zote za nyumba. Majaribio ya kasha hilo yaanze na yale ambayo mtengenezaji hana hamu nayo: nenosiri tupu, jina linaloanza na kistari, akaunti iliyofungwa jana lakini neno lake ni sahihi, moduli iliyofutwa kwenye diski, jina lililobadilika katikati ya mazungumzo, na mchakato wa pembeni uliouawa kabla haujajibu.